Usimfiche mtoto hali ya ndugu yake

Hakuna anayejua kuuliza maswali kama mtoto wa miaka minne. "Mbona kaka haongei?" "Mbona anazunguka-zunguka hivyo?" "Mbona yeye akivunja kikombe hachapwi?" Maswali hayo huulizwa mbele ya wageni, ndani ya matatu na hata kanisani wakati wa maombi. Aghalabu mzazi aliye na mtoto mwenye usonji huyajibu kwa neno moja tu: "Nyamaza!"

Mpendwa msomaji, leo tunazungumza juu ya neno hilo na madhara yake. Tunaitazama nyumba ambamo mtoto mmoja ana usonji na wenzake hawana, na hasa hao wenzake, kwa sababu ndio husahaulika. Mama hushinda akimhangaikia yule mmoja. Baba anahangaika kutafuta pesa za matibabu. Majirani wakibisha hodi huuliza habari za yule yule. Hakuna anayemuuliza mdogo wake wa miaka mitano yeye anaelewa nini.

Twende basi Kericho na Bomet, katika nchi ya majani chai. Wengi wenu mlio mijini mna kwenu huko, au mna jamaa waliofuata kazi huko, na kila shule zinapofungwa watoto wenu hukutana na binamu zao. Isitoshe, maisha ya huko huonyesha hadharani mambo ambayo katika nyumba za ghorofa za Nairobi hufichwa nyuma ya mlango uliofungwa.

Katika mashamba makubwa ya kampuni, wafanyakazi huishi kambini, nyumba zikiwa zimepangwa kwa safu. Mkipsigis anapakana na Mkisii, Mjaluo na Mluhya, na Kiswahili ndicho lugha ya uwanjani. Mtoto akipiga mayowe usiku, majirani wote wanasikia, na kesho yake kila mtu ana maelezo yake. Asubuhi na mapema wazazi hushika njia kwenda kuchuma. Kwa wakulima wadogo wanaouza kwa viwanda vya KTDA, shirika lililoanzishwa mwaka 1964, mama huchuma majani mawili na chipukizi chake mwenyewe, kisha huharakisha kufika kituo cha kununulia kabla lori la kiwanda halijaondoka.

Je, nani anabaki nyumbani na mtoto asiyesema? Kama kogo yupo, yaani nyanya, ni yeye. Kama hayupo ni dada mkubwa, na huyo "mkubwa" huenda ana miaka minane.

ASIYEAMBIWA HUJIAMBIA

Wazazi wengi hunyamaza kwa nia njema. Husema, "Huyu bado ni mdogo, hawezi kuelewa. Akikua tutamweleza." Lakini mtoto hangoji kukua ndipo atafute maelezo. Anaona kwamba kaka yake wa miaka saba bado anavalishwa nguo. Anaona mama akilia jikoni. Akikosa kuambiwa, hujiambia mwenyewe, na hadithi anayojitungia karibu kila mara huwa mbaya kuliko ukweli.

Hadithi hizo ni nne. Ya kwanza: "Ni mimi niliyesababisha." Mwanasaikolojia Jean Piaget wa Uswisi, aliyefariki mwaka 1980, alieleza kwamba mtoto mdogo hajatenganisha vizuri anachokiwaza na kinachotokea. Kwa hiyo mtoto aliyewahi kumkasirikia mdogo wake na kumtakia mabaya anaweza kuamini kabisa kwamba ni hasira yake iliyomfunga ulimi.

Ya pili: "Nitaambukizwa." Mtoto huyu huogopa kunywea kikombe kimoja na ndugu yake na mzazi humwona ana maringo. Ya tatu: "Hanipendi." Anamwita ndugu yake waende kucheza, ndugu hageuki wala hamtazami, naye anaondoka kichwa chini. Ya nne: "Mama anampenda yeye peke yake." Hii ndiyo inayouma zaidi, kwa sababu mtoto akihesabu saa ambazo mama yuko na kila mmoja wao, hesabu hiyo humpa ushahidi.

Hebu fikiria mtoto wa miaka sita akilala na hadithi hizo nne kichwani, usiku baada ya usiku, katika nyumba ambayo neno lenyewe halitajwi. Halafu shuleni anapata ya tano kutoka kwa wenzake: "Kwenu mmelaaniwa."

KWANZA MZAZI AELEWE

Huwezi kumpa mtoto maelezo usiyo nayo. Kwa hiyo tuanze na wewe.

Usonji ni tofauti katika jinsi ubongo unavyokua. Mtoto huzaliwa nao, ingawa dalili huonekana baadaye, mara nyingi kabla ya kutimiza miaka mitatu. Unagusa hasa mambo mawili: jinsi anavyowasiliana na watu, na jinsi anavyopenda mambo yajirudie vile vile. Mmoja hasemi hata neno. Mwingine husema sana lakini juu ya jambo moja tu, tuseme magari. Wengi wana masikio, ngozi au ulimi unaosikia vitu kwa ukali kuliko sisi. Kwa makadirio ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2021, mtu 1 kati ya 127 duniani ana usonji. Kwa hiyo si ajabu iliyoangukia nyumba yako peke yake.

Daktari Leo Kanner wa Marekani ndiye aliyeandika juu ya watoto 11 wa namna hii mwaka 1943, na maandishi yake yakawa msingi wa elimu ya leo. Baada yake yalifuata makosa makubwa. Kwa miaka mingi akina mama walilaumiwa, eti walikuwa baridi na hawakuwapenda watoto wao vya kutosha. Lawama hiyo ilianza kuporomoka katika miaka ya 1960, na mwaka 1977 utafiti wa mapacha uliofanywa Uingereza na Susan Folstein na Michael Rutter ulionyesha kwamba urithi wa damu una sehemu kubwa. Mwaka 1998 ukazuka uvumi mwingine, kwamba chanjo ya surua huleta usonji. Makala ya kidaktari iliyoeneza uvumi huo ilifutwa na jarida lenyewe, The Lancet, mwaka 2010, na tafiti nyingi kubwa hazikuona uhusiano wowote. Mpeleke mtoto chanjo.

Na laana je? Utafiti uliofanywa pwani ya Kenya na kuchapishwa mwaka 2015 uliwakuta wazazi waliotaja mapepo, uchawi na laana, pamoja na sababu za kidaktari. Milimani nako hayo yanasemwa. Tusiwacheke wazee wetu, kwani mtu asiyekuwa na jina la jambo hulipa jina alilo nalo. Lakini mtoto wako akiachiwa jina hilo, atakua akimwogopa ndugu yake. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Usonji si maradhi ya kuua, lakini kuuficha kunaumbua vile vile.

MANENO YA KUMWAMBIA

Wazazi wengi wangependa kusema, ila hawajui waanzie wapi. Usingoje siku ya baraza kuu la ukoo. Sema machache, mkiwa mnafanya kazi nyingine, mkichambua mboga au mkitembea kwenda dukani, na urudie mara nyingi.

Kwa mtoto wa miaka mitatu hadi mitano, sentensi nne zinatosha: "Kaka yako ana usonji. Amezaliwa nao. Ndiyo maana bado hasemi na makelele yanamuumiza. Hukumfanya wewe, wala wewe hutaupata kwa kucheza naye." Litumie neno lenyewe, usonji. Mtoto aliyelisikia nyumbani kwa sauti ya kawaida hatalionea haya akilisikia nje.

Kwa wa miaka sita hadi tisa, mwonyeshe badala ya kumhubiria. Nchi ya Kericho ina mvua nyingi za alasiri, na mara nyingine mvua ya mawe. Nyumba ya mabati ikipigwa na mvua hiyo, watu wawili walioketi meza moja hawasikilizani. Ngoja siku kama hiyo, kisha umwambie mtoto jambo refu kwa sauti ya chini. Atasema, "Sisikii!" Mjibu: "Sasa fikiria siku nzima iwe hivi. Redio ni mvua, watu wakizungumza ni mvua, king'ora cha kiwanda ni mvua. Ndiyo maana kaka huziba masikio na kukimbilia chini ya kitanda. Si utundu." Wewe uliye mjini unaweza kufungulia redio hadi mwisho na kuwasha mashine ya kusagia matunda. Somo ni lile lile.

Mfundishe pia kuisoma lugha ya ndugu yake. Akipunga viganja kwa haraka, huenda amefurahi. Akimshika mtu mkono na kumvuta hadi kwenye mtungi, anasema, "Nina kiu." Akizipanga bilauri za plastiki mstari mmoja na mtu akaisogeza moja, akalia, si kwamba ni mchoyo. Kwake mpangilio ule ndio utulivu wenyewe. Akikataa mursik kwa sababu leo umetiwa katika kikombe cha bluu badala ya chekundu, hajadharau chakula. Watoto ni wepisi wa kusoma mambo haya, na usishangae kitinda mimba wako akiyajua kabla yako.

Kwa wa miaka kumi na zaidi, mweleze yote uliyoyasoma hapo juu, pamoja na habari ya urithi. Huyu ana maswali asiyoyatoa mdomoni: Je, atapona? Je, mimi nitazaa mtoto kama yeye? Je, nani atakaa naye ninyi mkizeeka? Ukweli ni kwamba usonji hautibiwi ukaisha, lakini mtoto hujifunza, na akisaidiwa mapema hujifunza zaidi. Swali usilolijua, sema, "Sijui, tutamuuliza daktari pamoja." Mtoto akipewa jibu hilo hujua kwamba hukumdanganya katika yale mengine.

KUCHEZA PAMOJA

Undugu wa watoto huanzia mchezoni. Kama hawa wawili hawachezi, maelezo yako yote yatabaki kuwa hotuba.

Mwambie mtoto aanze kwa kufanya anachofanya ndugu yake. Kama anapanga mawe, naye akae kando yake apange yake. Kama anarusha majani hewani ayatazame yakianguka, naye arushe. Aketi mbele yake, usawa wa macho, wala asimlazimishe kumtazama. Atumie maneno machache: "Rusha!" "Bado!" "Sasa!" badala ya sentensi ndefu. Kisha waanze zamu, "Wewe, halafu mimi," hata kama ni zamu mbili tu halafu ndugu anaondoka. Siku akirudi mwenyewe kutaka zamu ya tatu, mtoto wako atakuja mbio kukuambia, na hiyo itakuwa sherehe ya nyumba nzima.

Huko Marekani, mwaka 1982 katika mji wa Seattle, Don Meyer na wenzake walianzisha mikutano ya watoto ambao ndugu zao wana ulemavu. Watoto hukutana, hucheza, hula, na katikati ya michezo huzungumza juu ya mambo ya nyumbani. Jambo kubwa wanalolipata ni dogo kulitaja: kujua kwamba kuna mwingine. Hakuna kinachotuzuia kufanya hivyo. Familia tatu za kambi moja, kanisa moja au mtaa mmoja zikikutanisha watoto wao Jumamosi moja kwa mwezi chini ya mti, kwa chai na viazi vitamu, zimeshaanza.

HASIRA NAYO INA HAKI

Sasa tufike mahali pagumu. Ndugu mwenye usonji anaweza kuuma, kuvuta nywele, kuchana daftari la hesabu usiku wa kuamkia mtihani. Mzazi aliyechoka humwambia aliyeumizwa, "Mvumilie, si unajua alivyo?" Ukisema hivyo kila siku, unamfundisha kwamba maumivu yake hayana thamani.

Sema mambo mawili kwa pamoja: "Hakukusudia kukuumiza. Na kuumizwa si sawa, pole." Kisha fanya jambo. Mpe kila mtoto kisanduku chenye kufuli au rafu ya juu ambapo vitu vyake haviguswi. Mfundishe kuondoka na kukuita, badala ya kupigana au kuvumilia. Tafuta kilichomchokoza yule mwingine. Je, ni njaa, makelele, usingizi, jino? Asiyesema hana njia nyingine ya kusema jino linauma.

Mruhusu pia kusema, "Leo namchukia." Usimkemee. Mjibu, "Naona umechoka naye leo. Hata mimi huchoka." Hasira iliyotamkwa mbele ya mama hupungua. Iliyomezwa hutokea shuleni, au hugeuka kidogo kidogo kuwa chuki ya kweli. Aibu nayo ni hivyo hivyo. Kijana wa miaka kumi na mitatu asiyetaka wenzake waje nyumbani si mtoto mbaya. Mkubalie baadhi ya siku awe na marafiki zake peke yake, na siku nyingine mtayarisheni pamoja jinsi ya kumtambulisha ndugu.

Na kila mtoto apate muda wake. Usiseme huna nafasi, kwani hatusemi siku nzima. Dakika kumi na tano zinatosha, lakini ziwe zake kweli, na azitegemee: kila Jumatano mkienda pamoja kituo cha majani, au kila usiku baada ya yule mwingine kulala. Katika dakika hizo usiulize habari za ndugu yake hata mara moja.

DADA SI YAYA

Turudi kwa yule dada wa miaka minane. Majani yanapozidi shambani, baada ya mvua, ndipo anapokosa shule. Leo siku moja, wiki ijayo mbili, mwishowe mwalimu analisahau jina lake. Ni mtoto mwema, kila mtu anamsifu, na sifa hizo ndizo zinazomfunga.

Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, kifungu cha 53, inampa kila mtoto haki ya elimu ya msingi ya bure na ya lazima. Haki hiyo ni ya huyo dada, na ni ya ndugu yake mwenye usonji vile vile. Kumtoa mmoja shule ili amlinde mwingine ni kuwanyima wote wawili.

Kuna jambo lingine zito. Watoto wengi wenye usonji hutoroka. Katika utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2012, karibu nusu ya watoto waliochunguzwa, wenye umri wa kuanzia miaka minne, walikuwa wamewahi kujaribu kutoroka angalau mara moja. Wengi wao huvutwa na maji. Sasa tazama mazingira ya milimani: michai imekatwa usawa wa kiuno cha mtu mzima, kwa hiyo mtoto mdogo akiingia katikati ya safu humwoni tena. Kuna mabwawa ya mashamba, kuna mito kama Itare na Chemosit, kuna barabara kuu inayopitisha malori ya Kisumu na Nakuru. Kumkabidhi mtoto wa miaka minane ulinzi wa namna hiyo ni kumtwika mzigo ambao ukianguka utamwangukia maisha yake yote.

Mpe kazi inayolingana na umri: kuleta nguo, kuimba naye wakati wa kuoga, kumwonyesha picha ya kikombe. Katika hatari, kazi yake iwe moja tu: kukimbia kumwita mtu mzima, si kumfuata mtoni. Lango liwe na komeo la juu. Majirani wa pande zote na nyapara wajue kwamba mtoto huyu huenda asiitikie akiitwa, na waanze kumtafuta kwenye maji kwanza. Hapo ndipo utaona faida ya kutoficha, maana kambi isiyojua haiwezi kukusaidia.

NAWE MWANAFUNZI

Wewe uliye shule ya upili au chuoni, na una ndugu wa namna hii nyumbani, huenda umesoma mpaka hapa ukijiona. Huna lazima ya kuwa malaika. Wala huna deni la kufaulu mara mbili, lako na lake.

Wenzako wakiuliza, uwe na sentensi moja fupi uliyoizoea: "Ana usonji, ubongo wake unafanya kazi tofauti, anapenda muziki." Watu wengi huishia hapo. Wakimwita mwehu au bubu, kumbuka kwamba kifungu cha 54 cha Katiba kinampa kila mtu mwenye ulemavu haki ya kuheshimiwa na kutajwa kwa njia isiyomdunisha. Unaweza kusema, "Ana jina lake," kisha ulitaje. Na wadogo zako wakikuuliza maswali ambayo baba na mama hawajayajibu, wajibu, halafu waambie wazazi kwamba umeulizwa.

WAPI KUPATA MSAADA

Kuna vituo vya kutathmini watoto wenye mahitaji maalum, vinavyojulikana kama EARC, vilivyoanza mwaka 1984 chini ya Wizara ya Elimu. Uliza katika ofisi ya elimu iliyo karibu nawe. Huko humpima mtoto na kushauri aingie shule gani au kitengo gani. Taasisi ya Elimu Maalum, KISE, iliyoanzishwa mwaka 1986 huko Kasarani, Nairobi, nayo hufanya tathmini pamoja na kufundisha walimu. Hospitali ya rufaa ya kaunti ya Kericho, ile ya Longisa kaunti ya Bomet na hospitali ya misheni ya Tenwek ni mahali pa kuanzia kwa upande wa afya, hasa ikiwa mtoto ana kifafa pia, kama inavyotokea kwa baadhi yao. Wazazi walianzisha Chama cha Usonji cha Kenya mwaka 2003, na Nairobi shule ya msingi ya City ina kitengo cha watoto hawa ndani ya shule ya kawaida. Baraza la Taifa la Watu Wenye Ulemavu huandikisha wanaostahili. Sheria mpya ya watu wenye ulemavu ilitiwa saini mwaka 2025 kuchukua mahali pa ile ya 2003, kwa hiyo uliza kuhusu haki za mwanao chini yake.

Unapokwenda huko, siku moja mchukue mdogo wake. Aone meza, aone vifaa vya kuchezea, amwone mtaalamu akizungumza na kaka yake. Mahali alipopaona pana hofu ndogo kuliko mahali ambapo mama hupotelea kila mwezi.

Mchukue kwa sababu nyingine pia. Kati ya wadogo wa mtoto mwenye usonji, takriban 1 kati ya 5 naye huonekana kuwa nao. Mtoto mchanga akifika mwaka mmoja asigeuke anapoitwa jina lake, au akifika mwaka mmoja na nusu asionyeshe kwa kidole kitu anachotaka mkitazame, usingoje. Udongo uwahi ungali maji.

TUSIMWAPISHE

Jambo la mwisho ndilo zito kuliko yote. Siku moja wazazi hawatakuwepo. Ndugu hawa wawili, Mungu akipenda, ndio watakaokuwa pamoja miaka mingi kuliko sisi sote tulivyokuwa nao. Kila mzazi analijua hilo, na hofu hiyo humfanya wakati mwingine amshike mtoto wa miaka saba mkono na kumwambia, "Niahidi hutamwacha ndugu yako."

Usimwapishe. Mtoto wa miaka saba ataahidi, maana anakupenda, lakini hajui anachokiahidi, na ahadi hiyo itamfuata chuoni, kazini na katika ndoa kama deni asilolikopa. Mtafutie ndugu yake shule. Mfundishe kujivalisha, kujipikia chai, kuchuma na kuhesabu, kadiri awezavyo. Wajumuishe shangazi, wajomba na kanisa. Panga mambo ya ardhi na urithi ukiwa na nguvu, na uyaandike.

Kisha mwache huyu mdogo ampende ndugu yake kwa sababu anamjua: anajua kikombe chake ni chekundu, anajua makelele yanamuumiza, anajua viganja vikipunga kuna furaha. Leo jioni akikuuliza tena, "Mbona kaka haongei?", zima redio, keti chini, umjibu.